Wazo Baya Nalo ni Mgeni: Siku ya Tatu Lipe Jembe

Saa nane usiku. Fundi cherehani amelala chali, macho yako darini. Mchana alikabidhi magauni kumi na mawili ya sare ya harusi. Kumi na moja yamekaa vizuri, wenyewe wamejigeuzageuza mbele ya kioo na kummwagia sifa. La kumi na mbili limebana kifuani. Mwenye gauni hilo ametuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili, na fundi ameshausikiliza mara nne. Sasa giza limeingia na hesabu imeanza: huyu mama atawaambia wenzake, wenzake hawatarudi, msimu wa harusi utapita bila kazi, kodi ya kibanda itanishinda, cherehani nitaiuza, watoto watarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Halafu linakuja la mwisho, lenye sumu kuliko yote: kwani mimi lini nimewahi kufanya jambo likakaa sawa?

Kutoka kwenye kifua cha gauni hadi kuuza cherehani, safari nzima imechukua dakika tano, na fundi hajainua hata kichwa kwenye mto.

Labda wewe hushoni. Labda wewe ni mwalimu ambaye mkuu wa shule kampita ukumbini bila salamu, au kijana uliyetuma ujumbe, ukaona tiki mbili za bluu, na jibu halikuja. Nguo ni tofauti, mshono ni uleule. Katika makala hii sitakuambia “waza mazuri tu”, kwa sababu umeshaambiwa hivyo mara nyingi na bado saa nane ya usiku inakukuta macho. Ninachotaka kukuonyesha ni namna ya kuishi na wazo baya kama tunavyoishi na mgeni: kumpokea, kumhoji, kisha kumfanyisha kazi.

Kwa nini moja linayashinda kumi na moja

Kwanza tuondoe lawama. Akili kung'ang'ania baya na kuyaachia mema si nuksi, wala si upungufu wa imani. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi zilizohusu ndoa, malezi, sifa na lawama, wakakuta zote zinaelekea upande mmoja: jambo baya humgusa mtu kwa nguvu zaidi, na hukaa naye muda mrefu zaidi, kuliko jema la kiasi kilekile. Lawama moja si sawa na sifa moja. Ni nzito kuliko hiyo.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya zamani za kale. Aliyepuuza mchakacho wa majani hata mara moja huenda hakurudi nyumbani. Aliyekimbia bure mara kumi alipoteza jasho tu. Wahenga walilisema hilo kabla ya maabara yoyote: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sisi ni wajukuu wa yule mwoga, na tumerithi masikio yake. Ongeza hapo kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kama uliwahi kufukuzwa kazi, kuachwa au kuchekwa mbele za watu, unyasi wako ni mwingi kuliko wa jirani.

Kwa hiyo lengo si kuing'oa tabia hii. Mtu asiyeona hatari yoyote huyo naye ni mgonjwa. Lengo ni kutofautisha unyasi na nyoka.

Kuwaza, na kuwa na mawazo

Kiswahili kimeficha siri ndani ya neno dogo. Mtu akikonda, akinyamaza, akikosa usingizi, majirani husema: “Ana mawazo.” Hawasemi mawazo mabaya, wingi wenyewe umetosha kuwa ugonjwa. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Watu wa lugha zote mbili wameona jambo moja: kinachomaliza mtu si wazo lenyewe, ni kulizunguka wazo lilelile kama ng'ombe anayezungushwa kwenye kinu cha kukamulia mafuta, akitembea kutwa nzima na jioni akikutwa palepale.

Katika miaka ya 1960, huko Philadelphia nchini Marekani, daktari wa akili Aaron Beck alianza kusikiliza kilichopita chini ya maneno ya wagonjwa wake. Alikuta fikra fupi, za haraka, zilizojileta zenyewe bila kuitwa, na ambazo mgonjwa alizipokea kama habari ya kweli bila kuuliza zimetoka wapi. Beck alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100, na tiba aliyoianzisha imesambaa duniani kote. Kiini chake ni chepesi kukieleza: kati ya tukio na huzuni kuna sentensi. Gauni limebana, hilo ni tukio. Fundi amelala na donge kooni, hiyo ni huzuni. Katikati kuna sentensi aliyojisomea kimyakimya: “Mimi si fundi.” Tukio limekwisha kutokea na huwezi kulirudisha. Sentensi bado unaweza kuihoji.

Usimfungie mlango, usimpe kitanda

Wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kulifukuza wazo: “Sitaki kuliwaza hili.” Mwaka 1987 mtafiti Daniel Wegner aliwaambia wanafunzi wasiwaze dubu mweupe kwa dakika tano, na kila dubu akijitokeza wapige kengele. Kengele zililia. Baadaye, walipopewa ruhusa ya kumwaza, walimwaza kuliko wenzao ambao hawakuwahi kukatazwa. Ukimfungia mgeni mlango, anasimama dirishani.

La pili ni kulifunika wazo kwa maneno matamu. Siku hizi tunashauriwa tusimame mbele ya kioo na kujiambia mimi ni mshindi, mimi ni wa thamani. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walilipima hilo. Watu waliojithamini tayari walifaidika kidogo. Wale waliojidharau, ndio hasa wanaouhitaji ushauri huo, baada ya kurudia maneno hayo walijisikia vibaya zaidi. Si ajabu. Ukimwambia fundi wetu saa nane usiku ajisemee “mimi ni fundi bora nchini”, sauti ya ndani itamjibu papo hapo: na lile gauni?

Basi si kufukuza wala si kufunika. Sisi tuna desturi iliyo bora kuliko zote mbili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni hafukuzwi mlangoni. Anakaribishwa, anaulizwa habari za atokako, anapewa maji. Lakini pia hageuki kuwa mwenye nyumba. Muda wake ukifika, anaingia shamba pamoja na wengine, na asiyetaka kulima huanza mwenyewe kufunga mzigo wake.

Mhoji mgeni wako

Kumhoji mtu usiyemwona ni kazi ngumu, kwa hiyo mtoe gizani. Chukua karatasi, daftari la hesabu za duka au mgongo wa risiti, uliandike wazo kama linavyosema lenyewe, neno kwa neno. Usilipambe. “Wateja wote watanikimbia.” Ndani ya kichwa lilikuwa mvua, kwenye karatasi ni maneno matatu, na maneno matatu yanaweza kuulizwa maswali.

Maswali yenyewe ni manne. Matatu ya kwanza yanatokana na mambo ambayo mwanasaikolojia Martin Seligman aliyaona kwa watu wanaokata tamaa haraka: huliona baya kuwa la milele, la kila mahali, na la kosa lao peke yao.

Swali la kwanza: ni siku zote? Kamata maneno “kila siku”, “daima”, “sijawahi”. Fundi kasema hajawahi kufanya jambo likakaa sawa, na magauni kumi na moja yametoka mikononi mwake siku hiyohiyo. Kuteleza si kuanguka, na aliyeteleza leo hajateleza maisha.

Swali la pili: ni yote? Hapa tuwe waangalifu, maana methali zetu nyingine zinaweza kutupoteza. Tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa samaki waliolazwa kikapu kimoja, sawa. Kwa mtu, si sawa. Gauni moja kubana halijaharibu mikono, wala malezi, wala utu wa mshonaji. Katika hazina hiyohiyo ya wahenga, chagua nyingine: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Swali la tatu: ni mimi tu? Halikukusudiwa kukufanya uwatupie wengine lawama. Linakutaka ugawe mzigo kwa haki. Fundi akikumbuka vizuri, wanawake kumi na mmoja walifika kibandani wakapimwa kwa futi. Wa kumi na mbili alituma vipimo kwenye karatasi kwa mkono wa mdogo wake. Kosa la fundi lipo, nalo ni kukubali vipimo vya karatasi. Hilo ni kosa dogo, lenye jina na lenye dawa. “Mimi si fundi” halina dawa.

Swali la nne nakuongezea mwenyewe: ningemwambia nini mdogo wangu? Kama mdogo wako angekuja na habari hii ya gauni, usingemwambia auze cherehani. Ungemwambia anywe chai, kisha amwite mteja. Mara nyingi tunazo hekima za kutosha mtaa mzima, isipokuwa sisi wenyewe ndio tuliosahauliwa kwenye mgawo.

Zingatia kwamba maswali haya hayakulazimishi ufikie jibu tamu. Pengine utahoji na kukuta wazo lina ukweli: biashara kweli inashuka, ndoa kweli ina ufa. Hapo umepata faida kubwa, kwa sababu sasa una tatizo, na tatizo lina mahali pa kushikia.

Mpe jembe

Mtu wa kutufundisha hatua hii anapatikana barani kwetu. Zimbabwe, nchi ya watu zaidi ya milioni kumi, ilikuwa na madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole. Mmoja wao, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa kijana ambaye familia yake ilikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, alianza na bibi kumi na wanne na benchi la mbao nje ya zahanati. Benchi hilo likaja kujulikana kama Benchi la Urafiki. Mwenye kufungisisa anakaa, bibi anasikiliza, na hakuna anayemwambia mwenzake ajikaze.

Ninachotaka ukione ni kile bibi anachofanya baada ya kusikiliza. Anamsaidia mgeni wake ayataje matatizo yake yote, kisha achague moja. Moja tu. Halafu wanatafuta pamoja hatua ambayo mtu huyo anaweza kuifanya kabla ya kikao kijacho, hatua ndogo yenye siku na mahali. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573, yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika kundi lililokaa na bibi, watu kama 14 kati ya kila 100 ndio waliobaki na dalili za sonona; katika kundi lililopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa walikuwa kama 50. Mpango huo umevuka mipaka, na Zanzibar ni miongoni mwa mahali ulipofika.

Bibi wa Mbare hawakuwapa watu fikra chanya. Waliwapa jembe, na fikra ikabadilika shambani. Sisi hudhani ni lazima moyo utulie kwanza ndipo mkono ufanye kazi, na mara nyingi mambo huenda kinyume: mkono ukianza, moyo unaufuata.

Kwa hiyo, ukishalihoji wazo, liulize swali la mwisho: kuna kazi gani ndani yako? Kama wazo ni “deni hili litanimaliza”, jembe lake ni kuandika kiasi kamili unachodaiwa na kumpigia mwenye deni mmoja kuomba tarehe. Kama ni “nitafeli mtihani”, jembe ni mada moja, kurasa tano, kabla ya kulala. Chagua jembe dogo kuliko unavyotamani. Bandu bandu huisha gogo, lakini anayetaka kulikata lote kwa pigo moja huvunja mpini na kurudi kitandani akiwa na ushahidi mpya dhidi yake.

Mawazo yasiyo na shamba

Kuna wageni wasioweza kupewa jembe. Matokeo ya kipimo yatatoka Ijumaa na leo ni Jumanne. Hakuna cha kulima hapo katikati. Wazo la namna hiyo lipe saa yake ya baraza. Njia hii ilijaribiwa na Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983: tenga nusu saa ileile kila siku, kiti kilekile, mbali na kitanda. Wazo likija saa nne asubuhi, liambie tutaonana saa kumi na moja jioni, kisha rudi kwenye kinachofanyika mbele yako. Saa ikifika, kaa uwaze kwelikweli. Utashangaa ni mara ngapi utakaa kitini na mgeni asitokee.

Huzuni ya msiba, nayo, si fikra hasi, na makala hii haiihusu. Aliyefiwa hahitaji kuhojiwa wala kupewa jembe. Anahitaji tanga na watu wa kukaa naye kimya. Vivyo hivyo hasira ya aliyedhulumiwa. Mtu ambaye mshahara wake haujalipwa kwa miezi mitatu hana tatizo la mtazamo, ana tatizo la mwajiri. Fikra chanya ikitumika kumnyamazisha mtu huyo, imekuwa dhuluma ya pili.

Usiku, simu na midomo ya watu

Mambo madogo ya nyumbani husaidia kuliko tunavyokiri. La kwanza, weka sheria: baada ya saa nne usiku huamui chochote kuhusu maisha yako. Ukiwa umechoka, kila kilima ni Kilimanjaro. Liandike wazo kwenye karatasi, liache mezani, asubuhi mtaonana.

La pili ni simu. Ukiamka na habari za ajali, kisha picha za nyumba za wenzako, kisha ugomvi wa kikundi cha ukoo, umewakaribisha wageni kumi kabla ya kunawa uso. Ipe simu ruhusa ya kuingia baada ya chai.

La tatu, yape mema nafasi ya kuandikwa. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha matokeo ya utafiti ambamo watu waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, mambo machache waliyoyashukuru. Walijisikia vizuri kuhusu maisha yao na kuitarajia wiki inayofuata kwa moyo mkunjufu kuliko walioandika kero. Sharti ni uandike kitu chenye mwili. “Namshukuru Mungu kwa yote” ni dua njema, lakini akili haipati cha kushika. “Mama wa gauni la saba alinikumbatia” inashikika.

La nne linawahusu wanaotuzunguka. Mwenzako akikuambia ana mawazo, usimkimbilie na “usijali”, wala “kuna wenye shida kuliko wewe”. Muulize: “Nieleze, ilikuwaje?” Kisha nyamaza. Nusu ya kazi ya lile benchi la Mbare ni masikio.

Mgeni akikataa kuondoka

Haya yote ni dawa ya nyumbani, na dawa ya nyumbani ina mpaka. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo umekuwa mzito, usingizi au hamu ya kula imeharibika, ulivyovipenda havina ladha tena, na kazi zako zimesimama, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa kama shinikizo la damu. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya ukaeleze hivyohivyo. Ikiwa kuna wazo la kufa au la kujidhuru, usisubiri wiki wala kesho: mwambie mtu wa karibu sasa hivi, asikuache peke yako, akufikishe hospitali. Kwenda kwa daktari wa akili hakumfanyi mtu mwendawazimu, kama vile kwenda kwa daktari wa meno hakumfanyi mtu kibogoyo.

Asubuhi, kibandani

Turudi kwa fundi wetu. Asubuhi alipiga simu kabla ya kufungua kibanda, akaomba gauni lirudishwe. Mama yule alikuja amenuna. Safari hii alipimwa kwa futi, mikono juu, pumzi kawaida. Fundi alifumua mishono ya pembeni, akaachia kitambaa cha akiba alichokuwa ameacha ndani, akapiga pasi. Gauni likakaa. Mama alilichukua, akasema “haya”, akaondoka bila tabasamu, na kama atarudi au hatarudi hakuna ajuaye. Fundi alikata kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene na kukitundika juu ya cherehani: HATUPOKEI VIPIMO VYA KARATASI.

Usiku wazo lilibisha hodi tena, kama kawaida yake. Huyu mama atawaambia wenzake, wenzake hawatarudi, msimu wa harusi utapita... Fundi aliitambua sauti, akavuta shuka, akageukia ukutani. Usingizi ulimchukua kabla hesabu haijafika kwenye kodi ya kibanda.